Aliyenyonya Asimame

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa na ugonjwa ambao yeye mwenyewe aliuhesabu kuwa kipaji: hakuweza kuliacha neno lipite bila kulipasua atazame lina nini tumboni. Walimu wenzake walimbandika jina la Kamusi, na yeye badala ya kukasirika alitembea nalo kifua mbele. Neno likikosa asili, alilitungia. Aliwahi kuwaambia watoto kwamba "shule" ni kifupi cha "shuka ule", yaani shuka kitandani uje ule elimu, na wale watoto walilishika hilo kuliko jedwali la kuzidisha. Wazazi wawili watatu walishangaa, lakini nani atabishana na mwalimu?

Jumatatu hiyo, kipindi cha pili, ilifika zamu ya mamalia. Kitabu kilieleza vizuri tu: mamalia wana nywele au manyoya, damu yao ni ya moto, na majike wao hutoa maziwa ya kunyonyesha watoto. Yalikuwa maneno sahihi, na makavu kama chaki. Kamusi alikisoma mara moja, akakifunga, akakiweka juu ya kabati. Akaandika neno ubaoni kwa herufi kubwa, kisha akalikata katikati kwa mstari mrefu.

"Nani anaona kitu hapa?"

"Mama," wakasema wa mbele.

"Na huku?"

"Lia."

"Haya. Mtoto akilia, mama anafanya nini?"

"Anamchapa," akajibu mmoja wa dawati la nyuma, na darasa zima likacheka.

"Kabla ya kumchapa."

"Anamnyonyesha."

"Umeona? Neno lenyewe limejieleza. Mama, lia. Mtoto analia, mama anatoa ziwa. Ng'ombe, paka, mbwa, hata popo, msimwone anaruka mkadhani ni ndege. Aliyenyonya ziwa la mama yake, huyo ni mamalia. Asiyenyonya ni ndugu yake kuku."

Walikuwa wamemkodolea macho wote hamsini na wawili, na hakuna kitu kilichomlevya Kamusi kama macho ya watoto. Hapo ndipo lilipomjia lile wazo, na likamjia vizuri, kama mambo mengi mabaya yanavyokuja.

"Sasa tuhakikishe humu ndani hakuna mgeni. Aliyenyonya asimame."

Madawati yalikwaruza sakafu. Walisimama wakisukumana, wengine wakijipiga kifua. Dawati la tatu upande wa dirisha, msichana mmoja akabaki amekaa. Baba yake alimwita Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni, na shuleni pia alijulikana hivyo. Hakuwa mkaidi. Alikuwa tu mtoto wa kujibu swali jinsi lilivyoulizwa.

"Vipi wewe, miguu imelala?"

"Sikunyonya, mwalimu," Kidoti akasema. "Mimi nilikunywa chupa."

Hapo palikuwa na nafasi ya pumzi moja. Mtu mwenye akili zake angeitumia. Angekohoa, angeangusha chaki, angesema "chupa nayo ni sawa" na mambo yangeishia hapo. Lakini Kamusi alikuwa na mzaha mdomoni, na mtu mwenye mzaha mdomoni hana tofauti na mtu mwenye maji ya moto mdomoni: lazima ayateme.

"Loo, kumbe siku zote tumekaa na yai humu ndani."

Darasa likaangua kicheko mpaka dirisha likatikisika. Kidoti naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Alitazama kwanza kushoto, kisha kulia, kuona wenzake wanachekaje. Kamusi aliona. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba hakuona, lakini aliona vizuri sana, na akaendelea na somo.

Mwalimu mkuu alikuwa akipita ukumbini, na kicheko kile kilimsimamisha. Wakati wa mapumziko alimfuata Kamusi chumba cha walimu, akamshika bega.

"Alhamisi nina wageni, walimu wa shule za jirani. Wanataka kuona tunavyofundisha wadogo. Nataka somo lilelile la leo. Na lile la kusimama usiliache."

"Haliachwi, mkuu," Kamusi akasema, na siku nzima akatembea kama mtu aliyeongezewa urefu.

Zoezi alilowapa watoto lilikuwa la kuchora nyumba mbili, moja ya mamalia na nyingine ya wasio mamalia, kisha kumwingiza kila mnyama kwake. Jumanne aliyasahihisha madaftari yote hamsini na mawili kwenye meza ya chumba cha walimu, huku mdomo ukiwa kwenye mazungumzo ya watu. Alikuwa na namna yake. Jicho lilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya pili kutafuta kuku, mjusi na samaki. Wakiwepo wote watatu, alama ya vema, na chini yake "Vizuri". Kalamu nyekundu ilipita kama fagio, na kabla kengele haijalia alikuwa amemaliza na kuanza kuwacheka walimu waliobaki na vifurushi vyao.

Jumatano baada ya wanafunzi kutoka, mtu alibisha hodi mlangoni pa darasa. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya shule, baba yake Kidoti, bado ana futi ya kupimia shingoni na vipande vya uzi kwenye magoti. Suruali aliyovaa Kamusi siku hiyo ilipunguzwa kiuno na fundi huyohuyo. Fundi hakukaa mpaka alipokaribishwa, na alipokaribishwa alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani.

"Samahani kwa kukuchelewesha, mwalimu."

"Bila samahani, fundi. Kuna tatizo?"

"Sijui kama ni tatizo. Mimi si mtu wa shule." Akatoa daftari ndani ya shati, akalifungua taratibu, akalilaza juu ya meza kama anavyolaza kitambaa kabla ya kukikata. "Nilikuwa nauliza hapa."

Kamusi akatazama. Nyumba ya mamalia ilikuwa na ng'ombe, paka na popo mwenye masikio makubwa. Nyumba ya pili ilikuwa na kuku, mjusi na samaki. Kando ya kuku, akiwa amemshika bawa kama unavyomshika dada mkono, alikuwepo msichana mdogo mwenye gauni, na shavuni mwake kulikuwa na nukta. Na chini ya nyumba hiyo, kwa wino mwekundu, vema moja kubwa. Vizuri.

Kamusi alitamani kurasa zijifunge zenyewe.

"Aliniuliza juzi kama mtoto wa chupa ni mtu kamili," fundi akasema. "Nikamwambia ni mtu, tena sana. Jana aliporudi na daftari akaniambia, 'Baba, lakini mwalimu ameweka vema.'" Akatabasamu kidogo, tabasamu la kuomba radhi. "Mama yake aliondoka siku ileile aliyomzaa. Muuguzi alinionyesha namna ya kuchemsha chupa na kupima maziwa, nami nilifanya hivyo hivyo, sikuruka hata siku moja. Nilikuwa nashona naye yuko mgongoni. Sasa kama kuna kitu nilikosa kumpa, ningependa nijue. Na kama hakuna, basi sijaja kugombana, mwalimu. Nimekuja kuomba neno la kumwambia, maana langu halikutosha."

Kuna watu wakikutukana unapata nafuu, kwa sababu na wewe unapata la kujibu. Fundi hakumpa Kamusi nafuu hiyo. Alikaa pale kwenye dawati dogo, mikono juu ya magoti, akingoja neno kutoka kwa bwana wa maneno.

Na Kamusi, kwa aibu, akasema uongo mdogo. Alisema, "Ule ulikuwa utani tu, fundi. Si unajua watoto, wanapenda kucheka ndiyo washike somo. Nitalirekebisha."

"Utani," fundi akasema polepole, kana kwamba anaupima. "Sawa. Nitamwambia ni utani."

Akasimama, akakunja daftari, akashukuru. Alishukuru kweli, kwa mikono miwili. Kamusi alipokea shukrani ile na kuhisi kama mtu aliyelishwa kitu kisicho chake.

Alipobaki peke yake alifungua rejesta ya darasa. Hakuhitaji kuifungua, alijua kilichomo, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Mstari wa ishirini na tatu. Jina la mtoto, kazi ya baba, na kwenye sehemu ya mama neno moja: marehemu. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa kulala upande wa kulia aliojivunia. Aliliandika mwenyewe mwanzoni mwa mwaka, akiwa na haraka ya kufika mstari wa ishirini na nne. Kwa hiyo hata kile kisingizio cha "sikujua" kikamponyoka, na kilikuwa ndicho kisingizio pekee alichokuwa amekitegemea.

Juu ya ubao bado palikuwa na karatasi ya somo la mwandiko la wiki iliyopita. Watoto waliinakili mara kumi: Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yeye ndiye aliyewachagulia methali hiyo, na akawakata alama waliosahau nukta. Aliitazama, akageuza uso, akafunga darasa. Nyumbani alikwenda kwa njia ya mbali ili asipite mbele ya kibanda cha fundi. Njia nzima alipanga hesabu zake: Alhamisi atafundisha kama alivyoahidi, wageni wataondoka wameridhika, na Ijumaa, kimyakimya, atawaambia watoto kidogo tu, bila kufanya jambo kuwa kubwa. Ilikuwa mipango mizuri ya mtu mwoga, na aliijua hivyo.

Alhamisi wageni walikuwa saba. Walikaa nyuma kwenye viti vya watoto, madaftari mapajani, na mwalimu mkuu katikati yao akiwa ameshapiga tabasamu kabla ya chochote. Kamusi aliandika neno ubaoni. Chaki ilimvunjikia mara mbili. Hata kabla hajachora mstari, watoto walishaanza.

"Mama! Lia!"

Mmoja wa wageni akacheka kwa furaha, akaandika. Kamusi akauliza kuhusu mtoto anayelia, yule wa nyuma akasema "anamchapa", wageni wakacheka tena. Kila kitu kilikuwa kikienda kama saa. Akafungua mdomo kusema lile neno la kusimama na likakwama, lakini watoto hawakulingoja. Walikuwa wamelijua somo. Walisimama wenyewe, wote kwa pamoja, wakageuza shingo kumtazama Kidoti.

Kidoti alikuwa amekaa. Safari hii hakukaa kama mtu aliyeduwaa. Alikuwa amekunja mikono juu ya dawati, mgongo umenyooka, kama mtoto aliyepewa kazi mbele za watu na hataki kumwangusha mwalimu wake. Alimtazama Kamusi, akatabasamu kumsaidia, akasubiri aitwe yai.

Wazee walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kamusi alisimama mbele ya watu sitini na moyo wake ukaona haya. Humo ndani hakuna aliyekuwa na habari ya lile daftari isipokuwa yeye na mtoto yule, na mtoto yule alidhani wanashirikiana.

"Kaeni," akasema.

Walikaa kwa kelele, wamekatishwa raha. Mwalimu mkuu akainua nyusi.

"Jumatatu niliwadanganya," Kamusi akasema. Sauti yake haikuwa ile ya kufundishia. "Hili neno halikutokana na mama, wala halikutokana na kulia. Nililipasua mwenyewe kwa sababu napenda mkinitazama. Na kusimama si kipimo. Ndama akifiwa na mama yake, akanyweshwa maziwa kwenye ndoo, anageuka kuku?"

"Hapana."

"Anakuwa nani?"

"Ndama."

"Kunjueni mikono. Tazameni hapa juu ya kiwiko, kwenye mwanga. Mnaona nini?"

Vichwa viliinama. "Vinywele," mmoja akasema. "Mimi ninavyo vingi kuliko wewe," mwenzake akasema. Akawaambia waweke viganja shingoni wasikie joto. Akawaambia kwamba mamalia ni jamii nzima, ambayo mama zake wameumbiwa maziwa, na aliyezaliwa humo ni wa humo, awe aliyanywa maziwa hayo au hakuyaonja. Kidoti alikuwa amegeuza mkono wake kuelekea dirishani na alikuwa akiukagua kwa makini, bila haraka, kama baba yake anavyokagua mshono.

"Siku hiyo Kidoti alisema kweli, na mimi nikamwita yai," Kamusi akaendelea. "Aliyekosea si yeye. Halafu nikamwekea vema mahali pasipo pake, kwa sababu sikutazama. Niletee daftari, mwanangu."

Akalileta. Kamusi akakata ile vema kwa kalamu yake nyekundu, mistari miwili, na pembeni akaandika: Mwalimu amekosea. Kule nyuma kalamu za wageni zilikuwa zimenyamaza.

"Nisamehe," akasema.

Kidoti alirudi kwenye dawati lake, akakaa, akafikiri. Kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, jana baba alilia."

Wageni wakainua vichwa.

"Alikuwa anashona. Akasimamisha cherehani, akalia kidogo, halafu akaniambia ni utani." Alikunja uso, kama afanyavyo kwenye hesabu ngumu. "Kwa hiyo yeye ni babalia?"

Wa dawati la nyuma alianza kucheka, akaona uso wa mwalimu, akaacha. Lakini Kidoti hakuuliza kwa mzaha. Alichukua neno, akalipasua, akatazama lina nini ndani, sawasawa kama alivyofundishwa.

"Hapana," Kamusi akasema. "Neno hilo hakuna."

"Basi anaitwaje?"

Mtu aliyelitungia asili kila neno lililoikosa, aliyejua shule imetoka wapi, alisimama pale na chaki mkononi.

"Sijui, mwanangu," akasema. Watoto hawakuwahi kumsikia akisema hivyo, na kwa muda walimtazama kama mgeni.

Wageni walipoondoka, mwalimu mkuu alimvuta kando ya ukumbi. Hakufoka. Alisema tu, "Ungengoja basi waondoke." Kamusi alikumbuka kwamba jana, njiani, yeye mwenyewe alipanga hivyohivyo. Wazo hilo likitoka kwenye mdomo wa mwingine, lilisikika baya zaidi.

Mchana alikwenda kwenye kibanda cha fundi kwa njia fupi. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, watoto wa mtaa walikuwa wakiruka kamba. Ndani kulikuwa na cherehani moja, nguo zilizoning'inizwa zikiwa na karatasi za majina, na chini ya meza kikapu kipana kilichojaa vipande vya kitambaa. Kilikuwa kikapu cha kumlaza mtoto mchanga, ukikitazama vizuri.

Fundi aliondoa kitambaa juu ya kigoda. "Karibu, mwalimu."

Kamusi hakukaa. "Jana ulikuja kuniomba neno, nikakupa uongo. Haukuwa utani. Nilikosea, na mama yake nilijua hayupo, niliandika mwenyewe. Mtoto hakukosa kitu. Wewe hukukosa kitu. Leo nimewaambia darasani, mbele ya wageni. Nimekuja nikuambie na wewe."

Fundi alikuwa na pini mbili midomoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa polepole. Alikuwa anataka kusema kitu.

"Yai!" mtoto mmoja akaita huko nje. "Yai, zamu yako!"

"Nakuja!" Kidoti akajibu, na miguu yake ikasikika ikikimbilia kamba.

Wanaume wawili walisimama wakisikiliza kamba ikipiga ardhi. Kamusi alishindwa kuinua macho kutoka kwenye kile kikapu.

"Mimi nimewakataza," fundi akasema, akitoa pini moja baada ya nyingine. "Ila mwenyewe hataki niwakataze. Anasema ni jina alilopewa na mwalimu."